Pongezi kwa Watunzi wa Mapenzi
Sumbawanga, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni hutuingiza ndani mapema. Chini ya blanketi, riwaya ya mapenzi husomwa hadi usiku wa manane. Niliyonayo haina jalada. Imepita mikono mingi, kona za kurasa zimelainika kama kitambaa.

Nawapongeza watunzi. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, mwandishi wa Dar es Salaam Usiku, hakuishia kuandika: alianzisha Heko Publishers, akachapisha mwenyewe. Na wale wa magazetini! Awe mgonjwa au mzima, mtunzi lazima amfikishe binti mlangoni, mkono kwenye kitasa, kisha aandike "itaendelea". Wiki nzima tunamwaza yule binti.