Mti Ulioponzwa na Jina: Mwarobaini katika Ushairi wa Pwani

Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii huelekezwa kwa watu, lakini hata mti waweza kupata hasara kwa wingi wa sifa. Katika miti inayotajwa na watunzi wa pwani, ni michache iliyosifiwa kwa maneno yaleyale kama mwarobaini. Mnazi una mashairi yake na mkarafuu una mashairi yake, na kila mmoja humjia msomaji na mambo yake: mkwezi, msimu, uchumaji, jua la uanikaji, bei. Mwarobaini humjia na neno moja tu, dawa. Swali linalompasa mhakiki ni hili: je, sifa hiyo imeujenga ushairi, au imeuviza?

Sababu ya kwanza ya uvivu huo imo ndani ya arudhi yenyewe. Mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita huhitaji mizani nane katika ukwapi na nane katika utao. Sasa na ahesabu maneno haya: dawa ya mwarobaini. Ni mizani nane kamili. Kipande kimejileta chenyewe, bila jasho. Kikipungua mahali pengine, jina huandikwa “muarobaini” nalo likaongeza mizani moja. Kisha jina huishia kwa “-ni”, kina kilicho rahisi kuliko vyote, kwani kila nomino iliyopewa kiambishi cha mahali hukitoa: mwilini, nyumbani, moyoni, duniani. Ndiyo maana mti huu hutua mwishoni mwa mshororo kabla mtunzi hajaufikiri. Mti huohuo huitwa pia mkilifi, na “majani ya mkilifi” nayo ni mizani nane. Lakini atakayekitaka kina cha “-fi” itambidi atafute usafi, ulafi na kafi la mvuvi, na katika kutafuta huko huenda akakutana na jambo la kusema.

Sababu ya pili ni hesabu iliyomo katika jina. Husemwa kwamba mti huu hutibu maradhi arobaini, na watunzi huipokea kauli hiyo kama cheti cha daktari. Lakini arobaini katika Kiswahili si hesabu ya dukani. Mzazi hukaa arobaini. Msiba hufikia arobaini. Siku za mwizi ni arobaini. Katika kauli zote hizo, arobaini ni jina la ukamilifu wa muda, ni kipimo cha jambo kutimia. Jina la mti basi ni taswira, tena nzuri: mti unaotimiza haja. Mtunzi anayeigeuza taswira kuwa orodha ya magonjwa ameishusha tamathali ya wazee wake na kuifanya tangazo.

Hali matumizi ya kweli, yaliyozoeleka, yana utajiri wa kutosha kwa mwenye jicho. Kijiti hutafunwa ncha kikawa mswaki. Majani huchemshwa, maji yakapoa, akaogeshwa mwenye upele na mwasho. Majani makavu huchanganywa na nafaka ghalani ili fukusi wasizile, na mabichi hutiwa motoni jioni ili moshi ufukuze mbu. Chini ya kivuli chake watu huweka baraza. Kila tendo katika haya lina mkono, lina saa, lina harufu. Lina pia mpaka wake. Kuoga si kunywa, na jani si mafuta ya mbegu. Wajuzi wa dawa za miti huijua mipaka hiyo na kumwonya mjamzito asiinywe dawa hii. Shairi lenye kusema “hutibu yote” limeifuta mipaka yote kwa mshororo mmoja.

Hapa ndipo jambo linapotoka katika fani na kuingia katika roho za watu. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mti huu kama dawa ya kienyeji, wakashikwa na kutapika, usingizi mzito na degedege, kwa hali ifananayo na ugonjwa wa Reye unaodhuru ini na ubongo. Kadhalika homa. Zanzibar iliiacha klorokwini na kushika dawa mseto zenye artemisinini mwaka 2003. Artemisinini nayo asili yake ni mmea wa tiba za kale za China. Lakini mmea ule ulichunguzwa, ukapimwa, na kiasi chake kikajulikana. Maji ya mwarobaini hayajathibitishwa kuwa badala ya dawa hizo, na mama aliyeambiwa kwa vina vitamu kwamba yanatosha huenda akachelewa kumpeleka mwanawe hospitali.

Patakuwako wa kujibu kwamba mtunzi si tabibu, na kwamba ushairi una ruhusa yake. Jibu hilo lingefaa kama ushairi wa Kiswahili ungekuwa pambo tu. Lakini pwani hii imeukabidhi ushairi dini, historia, malezi na unyumba. Mtu husikia shairi na kulishika kama wasia. Mwenye kupewa amana kubwa namna hiyo hawezi kudai ruhusa ya kutosema kweli. Ruhusa ya mshairi ni ya kufupisha neno na kupindua sentensi. Haikufika katika kumdanganya mgonjwa.

Wala kweli haiupunguzii mti huu hadhi. Mwaka 1959, huko Sudan, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer aliona nzige wakila kila jani isipokuwa la mwarobaini. Mwaka 1968 wanakemia walikitenga kiini kinachowachukiza wadudu, wakakiita azadiraktini. Watunzi wameufananisha uchungu wa mti huu na nasaha mara nyingi mno: nasaha ni chungu, nasaha ni dawa. Uchungu unaousimamisha mti peke yake katikati ya nzige ni jazanda iliyo hai zaidi.

Jina la kitaalamu, Azadirachta, limetoka katika Kiajemi: azad ni huru, dirakht ni mti. Mti huru huo nusura ufungwe. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa idara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace haki ya pekee juu ya njia ya kutumia mafuta yake dhidi ya ukungu wa mimea. Wapingaji walionyesha kwamba jambo hilo halikustahili kuitwa uvumbuzi mpya, na haki hiyo ikafutwa mwaka 2000. Rufaa ikashindwa mwaka 2005. Fundisho kwa watunzi li wazi. Urithi haukutetewa kwa sifa za jumla, bali kwa ushahidi wa nani alifanya nini, na kwa namna gani. Shairi lisemalo “dawa ya yote” lisingefaa kitu mbele ya waamuzi wale.

Limebaki jambo moja lililosahauliwa na wasifu wote: mti huu ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na ulivuka bahari pamoja na wahamaji wa huko. Leo, katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ng’ambo ya Unguja, watafiti wameandika jinsi unavyoenea na kusonga miti ya asili, mbegu zake zikichukuliwa na ndege na wanyama. Mgeni aliyekuwa mwenyeji, tabibu awezaye kudhuru, mchungu wenye kivuli kitamu: kinzani hizo zinatosha diwani nzima. Mtunzi ajaye na auache utao uliojileta wenyewe, akae chini ya mti kwanza, autazame, ndipo ahesabu mizani.