Sifa za Mwenye Kihenge

Nyimbo za mavuno humsifu mwenye jembe. Sina ugomvi nazo, ila naona zinampita anayestahili zaidi: mama anayehakikisha mahindi ya Julai bado ni chakula Februari, wakati shamba ni majani tu na debe sokoni halishikiki kwa bei.

Mtazame anavyopima ukavu. Anatia punje mdomoni na kuibana kwa meno. Ikibonyea, turubai linarudi juani. Jirani yake huamini chumvi. Huitia kavu kwenye chupa ya kioo pamoja na mahindi, akatikisa, akaiacha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 hivi, na hapo ukungu umeshakaribishwa. Anayedhani kuanika ni kazi ya watoto wa kufukuza kuku akumbuke mwaka 2004, sumukuvu ilipoua watu 125 upande wa Makueni na Kitui, Kenya.

Zamani mahindi yalikaa na magunzi yake, juu ya uchaga unaopigwa na moshi wa jikoni, na fukusi walivumilika. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, dumuzi wa kutoka Amerika ya Kati akaingia Tabora. Wakulima walimwita Scania, kama lile lori, na hawakukosea. Huyo hustawi hasa punje zikiwa bado zimeshikwa na gunzi, maana anapata pa kujiegemeza akichimba. Hata boriti za kihenge huzitoboa. Ikabidi desturi igeuzwe: pukuchua kwanza, pepeta, changanya na dawa ya unga, ndipo uhifadhi. Kuacha njia ya bibi yako kwa sababu ya mdudu si jambo dogo, nami nawavulia kofia walioliweza mapema.

Lakini ufundi unaonifurahisha kuliko wote ni wa maharage, nao hauna gharama. Buu wa mdudu wa maharage, akishaanguliwa, huchukua muda mrefu kutoboa ganda, na lazima ajibane kati ya haragwe na haragwe ili apate nguvu. Basi gunia linabiringishwa asubuhi na jioni. Kila likigeuzwa, buu hupoteza tundu lake na kuanza upya, mpaka anakufa kwa uchovu. Ila gunia lisishindiliwe. Punje zikikosa nafasi ya kuviringika, umejichosha wewe, si yeye.