Mkutubi Nyuma ya Makala

Mwanafunzi wa uuguzi akifungua makala ya jarida la tiba saa tano usiku, katika chuo kilicho mbali na Nairobi, hudhani intaneti imempa bure. Sivyo. Yuko mkutubi aliyeihangaikia.

Tangu 2003, maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini Kenya zimeungana katika ushirika uitwao KLISC. Huchanga fedha ili kulipia majarida na vitabu vya mtandaoni ambavyo chuo kimoja, hasa kidogo, kisingevimudu. Kuchanga ni neno jepesi. Mchapishaji wa ng'ambo anadai dola, bajeti ya chuo ni ya shilingi, na mkutubi ndiye anayebisha hodi ofisi ya fedha wiki baada ya wiki, huku tarehe ya kukatiwa huduma ikikaribia.

Halafu kuna jambo la anwani. Wachapishaji wengi humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao wa chuo chake. Chuo kikibadilisha kampuni ya intaneti, anwani nazo hubadilika, na asubuhi hiyo kila kitu kimefungwa. Mkutubi huketi akawaandikia wachapishaji mmoja mmoja, akajaribu kiungo baada ya kiungo, na mbele ya meza yake amesimama mtu mwenye tasnifu ya kukabidhi kesho.

Niliwahi kuwa mtu huyo. Niliipata makala yangu, nikaondoka bila hata kumuuliza mkutubi jina lake.

Nawe unayeandika ukurasa wa shukrani wiki hii, mtaje mkutubi wako.