Sifa ya Mgonjwa wa Kuigiza

Nimewahi kumlilia mtoto yule yule mara ishirini na nne kwa siku moja. Saa mbili asubuhi nilimlilia, saa nane mchana nilikuwa bado namlilia, na katikati nilipewa chai na maandazi mawili. Mtoto mwenyewe ni mdoli wa plastiki aliyefungwa kanga. Kwenye karatasi niliyopewa anaitwa Zuhura, ana miaka miwili, na mimi ni Mama Zuhura, mkulima wa huko Kisarawe. Kila baada ya dakika kadhaa kengele hulia, mlango hufunguka, na kijana mwingine mwenye koti jeupe huingia jasho likimtoka, akakaa mbele yangu. Huo ndio mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa udaktari, ule ambao wenyewe huuita oski. Wanazunguka kituo hadi kituo: hapa wasikilize mapigo ya moyo, pale wasome picha ya eksirei, na chumbani kwangu wazungumze na mama aliyeleta mtoto mwenye degedege.

Kazi yangu ya kila siku ni kufundisha sanaa za maonyesho. Chuo kimoja cha tiba kiliponiita mara ya kwanza nilidhani nimepata kibarua chepesi: nikunje uso, nishike tumbo, nipokee nauli, nirudi nyumbani. Nimecheza malkia, nimecheza mchawi, nimecheza mlevi wa kilabuni mbele ya ukumbi uliojaa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenichosha kama Mama Zuhura.

Andiko lake lina kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni yale ninayoyasema bila kuulizwa: mtoto ana homa, usiku mwili umekakamaa, mikono na miguu ikawa inarukaruka, macho yakageuka juu. Wa pili ni yale ninayoyajibu nikiulizwa: ilitokea mara ngapi, ilichukua muda gani, alizinduka katikati au hakuzinduka, anakunywa au anatapika. Ukurasa wa tatu ni siri. Siku mbili kabla ya kuja hospitali nilimpeleka kwa mganga. Alifukizwa, akanyweshwa maji ya mizizi. Na shangazi yake ameniapia kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Chini ya ukurasa huo mwalimu aliyeliandika ameweka agizo moja: haya usimwambie ila atakayekuuliza bila kukudharau.

Mwalimu huyo hakutunga hofu ile kichwani. Watu wengi wa Pwani walikua wakisikia kwamba degedege linaletwa na shetani au ndege apitaye usiku, na kwamba sindano haiendi pamoja nalo. Daktari anaona malaria kali iliyopanda kichwani, anataka kupima sukari ya damu na kumchoma mtoto artesuneti upesi. Sasa mwanafunzi asiyeufikia ukurasa wa tatu anaweza kuandika dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, na mama akaaga kwa adabu zote, akambeba mwanawe akarudi kwa mganga. Kwenye karatasi mwanafunzi amefaulu, na Zuhura amekufa.

Kwa hiyo ufundi wote wa kazi hii ni kujua kunyamaza. Jukwaani tulifundishwa kumpa mtazamaji kila kitu, hata aliyekaa mstari wa nyuma kabisa. Hapa natakiwa nishike neno mdomoni, nimngoje mtu alifikie mwenyewe, na nisimfungulie njia hata kwa jicho. Kijana wa saba siku ile aliniuliza, "Kwa nini mmechelewa hivi? Mlikuwa mnafanya nini siku zote hizo?" Nikaangalia pindo la kanga yangu. "Tulikuwa nyumbani, daktari." Akaandika kwamba mama alichelewa kutafuta matibabu, akaendelea. Sikumdanganya, maana hata nyumbani tulikuwepo. Ila mlango alikuwa ameubamiza mwenyewe.

Kigumu zaidi ni kuwa sawa kwa wote ishirini na wanne. Huingia binti mmoja mikono inamtetemeka, anafanana na mpwa wangu, na moyo wangu unasema mdokeze. Anafuata mwingine anayejisikia, hata salamu hana, na moyo ule ule unasema mkomeshe. Nikimdokeza wa kwanza nimemwibia mwenzake. Nikimkomesha wa pili nimegeuza mtihani ugomvi wangu. Chozi linapaswa kutoka kwenye neno lile lile, sauti ikatike pale pale, saa mbili na saa nane. Waigizaji wenzangu wanaosema mchezo huo hauna sanaa kwa sababu hauna makofi, nawakaribisha wajaribu hadi mtu wa kumi tu.

Cha ajabu ni kwamba kazi yenyewe ilianzia kwenye kukomeshana. Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu huko Marekani, alikuwa bado anasomea ubingwa New York alipomsikia mgonjwa mmoja akisimulia alivyotumiwa kwenye mtihani wa madaktari. Mtahiniwa mmoja alikuwa mkali na alimpima kwa ukorofi, basi mgonjwa akamgeuzia dalili: iliyokuwa mguu huu akaihamishia mguu ule. Mtu mwingine angecheka akaishia hapo. Barrows alijiuliza: kama mgonjwa anaweza kuigiza ugonjwa kwa ustadi wa kumpoteza daktari, je, haiwezekani mtu mwenye afya njema akafundishwa kuuigiza ili amfunze daktari? Mwaka 1963, akiwa Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles, alimfundisha mwanamitindo wa wachoraji kuwa mwanamke aliyepooza miguu. Mwaka uliofuata yeye na Stephen Abrahamson waliandika makala kuhusu jambo hilo, na magazeti yakawafanyia mzaha kwamba Hollywood imehamia shule ya tiba. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, wakachapisha utaratibu wa vituo na kengele ambao leo unawatoa jasho vijana wetu. Marekani wenyewe walifika mahali pa kumlazimisha kila anayetaka leseni apite mbele ya wagonjwa wa kuigiza kuanzia 2004. Mtihani huo ukasimamishwa wakati wa Uviko mwaka 2020, na mwaka 2021 ukafutwa moja kwa moja. Nadhani walikosea, ingawa ada yake ilikuwa kubwa na malalamiko yalikuwa mengi.

Wapwani tusijifanye jambo hili la kufundisha kwa kuigiza tumelisikia leo. Kungwi hakumfunda mwali kwa mihadhara. Aliimba, alicheza, aliigiza ya jikoni na ya chumbani, na mwali akarudia mpaka apatie. Wazaramo walikuwa na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho mwali alikaa nacho ndani akikiogesha na kukipaka mafuta kama mtoto. Ufaransa nayo, mwaka 1759, mfalme Louis wa 15 alimpa mkunga mmoja, Madame du Coudray, kibali cha kuzunguka nchi kufundisha uzalishaji, na mama huyo akabeba kiuno cha mwanamke alichokishona mwenyewe kwa kitambaa na ngozi, na mtoto wa kitambaa ndani yake. Kimoja bado kipo makumbusho ya Rouen. Nikikiangalia kwenye picha namwona kungwi wa Kifaransa.

Mrithi wa kiuno kile nimemwona kwenye mafunzo ya wakunga. Ni tumbo la bandia ambalo mkufunzi hulivaa mbele kama aproni, amelificha mtoto wa mpira na mfuko wa maji mekundu. Mkufunzi analia uchungu kwa mdomo wake, anamsukuma mtoto kwa mikono yake, na akitaka damu ifurike, inafurika. Mdoli hawezi kumshika mkunga mkono akamwambia "nesi, nakufa," na mtu mzima hawezi kuzaa mara kumi kwa asubuhi moja. Hapo wameunganishwa, na nakiri nilimwonea wivu mkufunzi yule.

Lakini wivu huo una dawa yake, nayo inatoka Haydom, mkoani Manyara. Hospitali ya huko ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutumia midoli ya kufundishia kumsaidia mtoto mchanga apumue ndani ya dakika moja ya kuzaliwa. Baada ya mafunzo ya siku moja mwaka 2010, wahudumu walipopimwa tena walifanya vizuri zaidi mbele ya mdoli. Leba, mbele ya mtoto mwenyewe, hakuna kilichobadilika. Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu, maana yalinigusa mimi na machozi yangu ishirini na manne. Haydom hawakuutupa mdoli. Waliutoa darasani wakauweka karibu na leba, watu wakafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara badala ya siku moja ya vyeti na soda. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mimi huchukua somo dogo hapo: maigizo ya mara moja kwa mwaka, siku ya mtihani, ni maonyesho tu. Vyuo vinavyotuita mwezi wa mitihani pekee vinapoteza nauli yao.

Siku za mazoezi ndizo ninazozipenda. Kengele hakuna. Mwanafunzi akimaliza, navua kanga ya kichwani, tunazungumza kama watu wawili waliomwangalia mtu wa tatu. Simwambii "ulikosea." Namwambia: uliposema mlikuwa mnafanya nini, Mama Zuhura aliona aibu, akafunga mdomo. Ulipoitazama saa, alijua hamtamaliza pamoja. Mara nyingi hushangaa, maana yeye alidhani alikuwa anauliza maswali mazuri.

Na mara nyingi tatizo ni lugha. Wamesoma ugonjwa kwa Kiingereza, basi swali linatafsiriwa kichwani likiwa njiani. Niliwahi kuwa mgonjwa wa moyo, kijana akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, maumivu yanasafiri?" Nikashindwa kujizuia. "Yanasafiri kwenda wapi, mwanangu?" Alikuwa anataka kujua kama yanapanda begani au kushuka mkononi. Hakuna kitabu alichopewa kinachomwambia kwamba mtu wa hapa atasema kifua kinabana, mkono umekufa ganzi, moyo unaenda mbio. Kwamba "presha inapanda" inaweza kuwa presha na inaweza kuwa mume. Kwamba mwanamke akisema ana chango, anamaanisha jambo, na ni wajibu wako kulitafuta. Hayo anayajifunza kwetu, tuliokaa kwenye kiti cha plastiki.

Nirudi siku ile ya mara ishirini na nne. Wa ishirini na tatu aliingia amechoka kunishinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alivuta kiti, akamtazama mdoli. "Anaitwa nani?" Tangu asubuhi hakuna aliyeuliza. Akaniuliza homa, akaniuliza kukakamaa, polepole mno, nami nikawa nahesabu dakika kwa niaba yake. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, wazee nyumbani walisemaje kuhusu hali hii? Kwetu bibi alikuwa anafukiza."

Nikafungua ukurasa wa tatu. Nilimwambia mganga, nikamwambia mizizi, na akaniuliza alikunywa kiasi gani na lini. Nikamwambia maneno ya shangazi. Hakucheka.

"Na wewe mwenyewe unaiogopa sindano?"

"Naiogopa."

"Nitakaa na wewe wakati anachomwa."

Kengele ikalia kabla hajataja dawa hata moja. Mtahini aliyekaa kwenye kona, kwa haki kabisa, akamwandikia sifuri kwenye sehemu ya matibabu. Sehemu yangu ina alama tano. Nilimpa zote tano, nikajifunga kanga upya, nikamngoja wa mwisho.