Frick na Matishari ya Homestead

Henry Clay Frick alizaliwa West Overton, Pennsylvania, mwaka 1849. Hakuna aliyeielewa biashara ya makaa ya koki nchini Marekani kumshinda, lakini uamuzi wake mmoja wa Juni 1892 ulikuwa mbovu kwa kila kipimo, na ndio unaostahili kuchambuliwa.

Kazi ya tanuri aliifanya vizuri. Alianza Connellsville mwaka 1871, akajenga tanuri 50 kwa mkopo wa dola 10,000 kutoka kwa Thomas Mellon, na mdororo wa 1873 ulipowakimbiza wenzake akanunua mali zao. Andrew Carnegie, mwenye viwanda vya chuma, alihitaji koki ya kuyeyushia chuma. Akaingia ubia na Frick, kisha akampa uenyekiti wa kampuni yake.

Mkataba wa wafanyakazi wa Homestead, kiwanda cha chuma cha Carnegie, ulikuwa unakwisha tarehe 30 Juni 1892. Mishahara ilifuata bei ya chuma, lakini haikushuka zaidi bei ilipopungua chini ya dola 25 kwa tani. Kampuni ilitaka kima hicho kiwe 22, ikapanda hadi 23; chama cha wafanyakazi kikateremka hadi 24. Palikuwa na mabishano mengine, hasa kuhusu mwezi wa kumalizika kwa mkataba, ila kwenye kima pengo lilibaki dola moja. Kikao kilivunjika tarehe 23 Juni. Siku mbili baadaye Frick aliwaandikia Pinkerton, kampuni ya walinzi wa kukodiwa, akitaka walinzi 300 wa kukilinda kiwanda.

Hapo ndipo kosa lilipo, na lina sehemu tatu. Kwanza, aliwaleta kwa mto, njia ambayo wafanyakazi walikuwa wanailinda usiku na mchana. Pili, walikuwa watu wa kukodiwa, wengi wao hawakujua wanakopelekwa, wala hawakuwa wameapishwa kuwa askari wa sherifu. Machoni pa mji walikuwa wavamizi. Tatu, waliwekwa ndani ya matishari mawili yasiyo na injini. Alfajiri ya tarehe 6 Julai risasi zilipoanza na mashua ya kuvuta ilipoondoka na majeruhi, hawakuwa na pa kurudi. Walisalimu amri jioni. Watu wasiopungua 10 walikufa.

Tarehe 12 Julai wanamgambo wa jimbo wapatao 8,500 walifika kwa treni na kuudhibiti mji bila mapigano. Kwa hiyo hata aliyetaka kukivunja chama hakuhitaji matishari.

William Abbott, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni iliyoendesha Homestead mwaka 1889, alionyesha njia bora zaidi. Askari wa sherifu walipozuiwa Homestead mwaka huo, alikaa mezani akapata mkataba wa miaka mitatu, na kiwanda kikaendelea kufua chuma. Abbott hutajwa mara chache mno.

Carnegie naye huachiliwa kirahisi mno. Alikuwa Uskoti, lakini Mei alikuwa amemwandikia Frick kwamba anaafiki lolote atakaloamua. Lawama ni ya wote wawili.

Tarehe 23 Julai mwanarki Alexander Berkman alimpiga Frick risasi ofisini. Frick akapona na kurejea kazini. Mgomo uliofuata kuvunjika kwa mazungumzo ulikufa Novemba, na chama kikatoweka Homestead kwa miongo kadhaa. Frick alifarakana na Carnegie mwaka 1900 kwa ugomvi wa bei ya koki, akafariki tarehe 2 Desemba 1919. Jumba lake la New York likawa makumbusho ya sanaa. Picha zilizomo ni za thamani kubwa, lakini hazipimi uongozi wake. Kipimo chake ni dola moja iliyobaki mezani.