Sala ya Siku Tisa: Sinema za Bernard Émond wa Kanada



Siku moja, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, mama mmoja alinijia. Alikuwa amefanya novena kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, siku zote tisa, bila kukosa hata moja. Siku ya kumi mtoto akafa. Akaniuliza, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Mimi niliyesoma seminarini miaka mingi nikakosa neno. Nilikwenda naye matangani, nikakaa kimya pamoja na wengine.

Swali lile lilinirudia nilipotazama sinema iitwayo La Neuvaine, yaani Novena, iliyotolewa mwaka wa 2005. Aliyeitengeneza ni Bernard Émond, mtu wa Québec katika nchi ya Kanada. Jina lake halijulikani sana mbali na kwao. Sinema zake hazina bunduki nyingi wala magari yanayofukuzana. Watu wanasema kidogo, na kamera inakaa mahali pamoja ikingoja, kama mtu anayemlinda mgonjwa usiku.

Émond alizaliwa Montréal mwaka wa 1951. Alisomea elimu ya desturi za mataifa, akafanya kazi miaka kadhaa na televisheni ya Wainuit, wenyeji wa nchi ya barafu huko kaskazini. Kisha akatengeneza sinema za mambo ya kweli. Moja, ya mwaka wa 1992, inafuata nyayo za mtu asiyejulikana, aliyekufa peke yake bila kuacha alama duniani. Hapo tayari mtu huyu anajulikana: anamtazama yule ambaye wengine wamepita bila kumwona. Baadaye, katika 20h17 rue Darling ya mwaka wa 2003, nyumba ya wapangaji inalipuka na majirani wanakufa. Mmoja aliyepona anazunguka mtaani akiuliza, kwa nini mimi niliachwa?

Tusisahau nchi anayoisimulia. Zamani Québec ilikuwa nchi ya Wakatoliki hasa. Kanisa lilishika shule na hospitali, na vijana wengi wa huko walivuka bahari kuleta Injili Afrika. Lakini tangu mwaka wa 1960 yakaja mageuzi wanayoyaita Mapinduzi ya Kimya. Serikali ikashika shule na hospitali, na kwa miaka michache tu watu wengi wakaacha Misa. Makanisa kadhaa yameuzwa. Émond mwenyewe amesema waziwazi kwamba hana imani. Lakini anaona kwamba wenzake, walipoitupa imani ya wazee, walitupa pia mambo ambayo hawajui kuyapata tena.

Basi akatengeneza sinema tatu juu ya fadhila tatu za kimungu: imani, matumaini na mapendo. Ajabu, sivyo? Asiyeamini anashika katekisimu yetu na kuuliza kila fadhila ina uzito gani.

Novena ndiyo sinema ya imani. Jeanne Dion ni mganga wa hospitali. Alimpoteza mtoto wake kwa ugonjwa. Kisha akampa kimbilio mama mmoja aliyepigwa na mumewe, pamoja na binti yake. Mume akawafuata akawaua. Jeanne hataki kuishi tena. Anaendesha gari mpaka Sainte-Anne-de-Beaupré, kando ya mto mkubwa wa Saint-Laurent. Mahali hapo watu wamemheshimu Mtakatifu Anna, mama wa Bikira Maria, tangu mwaka wa 1658. Ndani ya basilika, kwenye nguzo karibu na mlango, yanatundikwa magongo ya viwete walioponywa. Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa humo mwaka wa 2022.

Mahali hapohapo amefika kijana François, mfanya kazi wa dukani. Nyanya yake ni mgonjwa karibu ya kufa, naye anafanya novena ili apone. Anamwona mgeni ameketi karibu na maji. Hamhubirii. Anamletea chakula. Kesho yake anarudi tena.

Hapa ndipo penye nguvu ya sinema. François si msomi, wala hana maneno mengi. Mtengeneza sinema mwingine angemfanya kichekesho, au angemgeuza mtakatifu wa sanamu, macho juu mbinguni. Émond hakufanya hivyo. Patrick Drolet anamwigiza kijana huyu kwa upole mkubwa, na huko Locarno, Uswisi, alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Mahali hapo pia baraza la waamuzi wa makanisa liliipa sinema hii tuzo lake.

Je, sala ya François ilisikilizwa? Nyanya alikufa. Mtu wa haraka atasema, basi novena haikufaa kitu. Lakini angalia tena. Jeanne, aliyekuja kufa, anakwenda pamoja na kijana mpaka kitanda cha yule mzee, na kumwuguza mpaka mwisho. Nyanya hakuachwa peke yake, na Jeanne anaishi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni naye amepona. Sala iliombwa kwa ajili ya mmoja, uzima ukampata mwingine. Émond haandiki popote kwamba ni Mungu aliyefanya hivyo. Anatuachia mlango wazi, akasimama nje.

Wengine watalaumu: kwa nini asiingie? Mimi simlaumu, wala sitaki kumbatiza kwa nguvu. Afadhali mtu anayesema kweli kwamba hajui, akaheshimu sala ya maskini, kuliko mwenye kujaza sinema yake misalaba ili auze tikiti.

Sinema ya pili ni Contre toute espérance, ya mwaka wa 2007. Jina lake linakumbusha maneno ya Mtume Paulo juu ya Abrahamu katika Barua kwa Warumi. Réjeanne anafanya kazi ya simu. Mume wake, dereva wa lori, anapatwa na kiharusi; kisha yeye naye anapoteza kazi. Guylaine Tremblay anaigiza vizuri mno. Lakini hapa, kwa maoni yangu, mwenye sinema alizidisha. Shida inafuata shida mpaka mtazamaji anachoka, na matumaini yenyewe tunayatafuta kama sindano iliyoanguka gizani. Hasira yake juu ya wenye mali wanaowafukuza wafanya kazi ni ya haki. Walakini hasira haiwezi kushika mahali pa matumaini.

Ya tatu ni La Donation, ya mwaka wa 2009, nayo ni ya mapendo. Jeanne anarudi. Élise Guilbault anamwigiza tena, na uso wake unasema kuliko maneno. Anakwenda Normétal, mji wa mbali ambao mgodi wake ulifungwa mwaka wa 1975, kumshikia kazi mganga mzee kwa majuma machache. Mzee anakufa, na wagonjwa wanamtazama yeye. Atakaa au ataondoka? Mwenye kuishi penye migodi ya shaba ataufahamu mji huo upesi: kampuni imekwenda zake, watu wamebaki. Mapendo katika sinema hii si kusisimka kwa moyo. Ni kubaki.

Yule mama wa novena angali anakuja kanisani. Sikumweleza habari za mtu wa Kanada. Nilimweleza tu kwamba hakukosea popote, na kwamba nilipaswa kumwambia neno hilo siku ileile. Akanijibu kwamba wakati wa novena jirani yake, ambaye hawakusemezana miaka miwili, alianza kumletea maji asubuhi, naye analeta mpaka leo.