Mlinzi wa Ukurasa

Kijana mmoja mzaliwa wa Bunagana, mji wa Kongo ulio mpakani na Uganda, ambaye sasa anaishi Goma, alianza kwa kusahihisha kosa dogo. Ukurasa mmoja wa Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni, ulichanganya mji wake na Bunagana ya ng'ambo, ile ya Kisoro, Uganda. Alibonyeza “hariri”, akaandika Rutshuru, eneo ulipo mji wake, akahifadhi. Kesho yake akarudi kutazama kama neno lake bado lipo. Kurudi huko ndiko kulikomfanya fundi. Baadaye aliuweka ukurasa kwenye orodha ya maangalizi yake, akawa anawajibu wageni katika majadiliano na kudai chanzo kwa kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo.

Ninachokipenda zaidi ni kile kisanduku cha muhtasari wa badiliko, ambacho wengi hukiacha kitupu. Yeye hukijaza hata akibadilisha herufi moja, kwa heshima ya mtu asiyemjua atakayetaka kujua siku moja kwa nini neno fulani liliondolewa. Nilimwona jioni moja, simu inaishiwa chaji, akihangaika na sentensi moja kuhusu vita vilivyowakimbiza wazazi wake. Aliandika kwa hasira, akafuta. Mwishowe akabakiza tarehe, jina la kundi, na chanzo.

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na watu kama Ndesanjo Macha waliikuza kwa kujitolea, makala baada ya makala. Siku hizi mtu humwaga usiku mmoja rundo la makala zilizotafsiriwa na mashine, hasomi hata moja, wala harudi tena.

Hasara ya kukosa watu wanaorudi kuulinda ukurasa ni hii: kwa msomaji wa mbali, Bunagana ni vita tu. Waasi wa M23 waliingia tarehe 6 Julai 2012, jeshi la Kongo likarudi Oktoba 2013, M23 wakaingia tena 13 Juni 2022. Maharage yanayovuka mpaka, ndugu wanaozikana pande zote mbili, majina ya mitaa, hayo wanayajua akina mama wa sokoni, na ni nadra gazeti kuwauliza. Bila maandishi ya kunukuu, hata fundi mwenye subira hana la kufanya.

Ndugu msomaji, kama umekulia Bunagana, Jomba au kwingineko Rutshuru, waulize wazee sasa, uchapishe majibu yao popote panapoweza kunukuliwa. Baadhi yao wako ukimbizini, na wanazeeka huko.